Dawa Haijui Unaumwa Wapi: Namna ya Kumweleza Mtu Kidonge Kinavyofanya Kazi

Swali lililonifundisha kazi hii sikuulizwa darasani. Aliniuliza shangazi yangu, sebuleni kwake Ngamiani, Tanga, nilipokuwa mwaka wa tatu wa ufamasia pale Muhimbili. Nilikuwa nimekuja likizo. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu asubuhi, nikamletea parasetamoli mbili na glasi ya maji. Akavishika vile vidonge kiganjani, akanitazama.

"Mwanangu, msomi ni wewe. Hiki kikishuka kinaishia tumboni. Sasa kinajuaje kwamba kinachouma ni kichwa?"

Nikajikohoza nikaanza: vimeng'enya, mfumo wa fahamu, ubongo na uti wa mgongo. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa, akameza vidonge vyake, akasema, "Basi sawa." Kila aliyewahi kusimama dirishani kugawa dawa anaijua hiyo "basi sawa". Maana yake: sijaelewa kitu, lakini sitaki kukuaibisha.

Jibu lenyewe lilikuwa fupi kuliko hotuba yangu. Hakijui. Kidonge kikishaingia kwenye damu kinakwenda kila damu inakofika, unyayoni, kwenye kope, kwenye figo, kwenye mimba kama ipo. Tunahisi kimekwenda kichwani kwa sababu kichwani ndiko tulikokuwa tunatega sikio.

Imepita miaka zaidi ya ishirini. Nimekaa dukani, nimekaa maabara, sasa nafundisha famakolojia na kuandika kuhusu dawa kwa Kiswahili, na kila ninapokwama katika maelezo narudi kwenye kiganja cha shangazi. Haya ninayoandika ni kwa mfamasia mchanga, muuguzi, mhudumu wa duka la dawa muhimu, na yeyote ambaye ndugu zake humpigia simu saa nne usiku kuuliza "hizi za rangi mbili ni za nini?"

Kidogo kuhusu kazi

Mfamasia na mwanafamakolojia huchanganywa, na silalamiki. Mume wangu alikaa muda mrefu akinitambulisha kwa watu kwamba "anauza dawa". Mfamasia huhakikisha dawa sahihi inamfikia mtu sahihi kwa kipimo sahihi. Mwanafamakolojia huuliza maswali mawili: dawa inaufanya nini mwili, na mwili unaifanya nini dawa. Njia yangu ilikuwa kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), miaka minne ya shahada, mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo, usajili wa Baraza la Famasi, miaka mitatu ya dukani, halafu uzamili. Wengine huingia kwa mlango wa udaktari wa binadamu au wa mifugo. Kuhusu kipato nitasema tu kwamba nilipokuwa dukani mfuko ulikuwa mzito zaidi.

Ila ningebaki huko ningekosa utumbo wa sungura. Katika maabara za wanafunzi tulikuwa tunachukua kipande cha utumbo, urefu wa vifundo viwili vya kidole, tunakining'iniza ndani ya bomba la kioo lenye maji ya chumvi na sukari yaliyopashwa hadi nyuzi 37, oksijeni ikibubujika chini yake. Kipande hicho kimeshatoka mwilini lakini kinaendelea kujikunja na kulegea chenyewe, kama kinangoja chakula, na kalamu iliyofungwa kwa uzi inachora mawimbi yake. Unadondosha asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuamuru utumbo ujikunje, mawimbi yanapanda. Unaosha, unadondosha adrenalini, utumbo unalala. Kisha unatia atropini kwanza, unarudia asetilikolini ileile, na mawimbi hayapandi.

Funzo kubwa lilikuja ulipoongeza kipimo. Ukitia maradufu, mkunjo hauongezeki maradufu. Unaongezeka kidogo, halafu kidogo zaidi, halafu basi. Hata umimine chupa nzima, utumbo umeshafika ukomo wake. Mtu akiniuliza kama anaweza kumeza nne badala ya mbili ili apone haraka, naiona kalamu ile ikichora mstari ulionyooka. Faida imefika dari. Sumu haina dari hiyo.

Anza na lililomleta

Kabla hujaeleza dawa, jua mtu anaogopa nini. Mama akiuliza "hii ni kali?" hajauliza miligramu. Huenda anauliza kama atalala usingizi akashindwa kuamka kumnyonyesha mtoto, au kama itamharibia mimba ambayo hajamwambia mtu. Ukimjibu kwa miligramu umejibu swali la mtihani. Mimi husema, "Kali kivipi, mama? Niambie unachohofia." Halafu nanyamaza, na kunyamaza ndiko kunakonishinda mpaka leo.

Ukiandika huna mtu mbele yako, kwa hiyo mtafute. Kila makala yangu naiandika nikiwa nimemweka kichwani mtu mmoja ninayemfahamu na swali lake kwa maneno yake mwenyewe. "Kwa nini dawa ya presha ni ya maisha?" "Damu yangu haipatani na klorokwini." Swali la namna hiyo liandike juu ya karatasi na usiliguse. Ukilitafsiri kuwa la kitaalamu, jibu nalo litakwenda huko.

Goti la shangazi

Mfano ninaoutegemea kuliko yote ni diklofenaki, kwa sababu ndani yake mna somo zima.

Miaka kadhaa baada ya parasetamoli zile, magoti ya shangazi yalianza kumsumbua. Jirani akamwelekeza diklofenaki, na kweli zikamsaidia. Baada ya wiki kadhaa akaanza kulalamika kiungulia na tumbo kuwaka moto. Akalipatia ufumbuzi mwenyewe: "Vidonge vinanichoma tumbo, basi nichome sindano, ipite mbali na tumbo." Ukisikiliza ni hoja yenye akili. Na ni hoja isiyo sahihi.

Sehemu ya mwili ikiumia hutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini. Hivi ndivyo vinavyovimbisha mahali palipoumia na kuzifanya neva za hapo ziwe nyepesi kulalamika. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzuia kimeng'enya (enzaimu) kinachovitengeneza. Goti linatulia. Tatizo ni kwamba tumbo nalo linatengeneza prostaglandini, tena kwa sababu njema: ndizo zinazoamuru ute wa kulinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali yake lenyewe. Figo nazo zinazitumia kuweka sawa mtiririko wa damu ndani yake. Dawa inapozunguka na damu haijui ipi ni prostaglandini ya goti na ipi ni ya tumbo. Inazima zote. Kwa hiyo hata ukichomwa sindano ya makalio, dawa itafika tumboni kwa mlango wa nyuma, kupitia damu, na ukuta utabaki bila ute.

Nilimwelezea hivi: "Shangazi, fundi umeme kaja kuzima taa ya chumba kimoja, lakini swichi aliyoikuta ni ya nyumba nzima." Akafikiri. "Kwa hiyo na friji limezimika." Ndiyo, shangazi, na friji.

Hapo hakusema basi sawa. Aliuliza swali jingine: "Na dawa zangu za presha je?" Hiyo ndiyo alama ninayoitafuta, kwamba mtu ameelewa kiasi cha kuuliza swali ambalo sikumfundisha. Alikuwa sahihi kuuliza. Dawa za kundi la diklofenaki zinaweza kupunguza nguvu ya dawa za presha na kuzielemea figo, na mtu mzima mwenye presha anayezimeza kila siku bila kumwambia daktari anacheza na moto.

Jambo jingine naliweka hapa ingawa si mahali pake. Aspirini iliingia sokoni mwaka 1899. Mwanafamakolojia John Vane, akiwa London, alionyesha jinsi inavyozuia prostaglandini mwaka 1971, akapata Nobel mwaka 1982 pamoja na wenzake wawili. Miaka 72 watu waliimeza, ikawasaidia, na hakuna aliyejua kwa njia gani. Nalikumbuka hilo kila mara kijana aliyehitimu juzi anapombeza bibi na mwarobaini wake kwa kuwa "hajui mekanizimu". Cha kumuuliza bibi ni kingine: kiasi gani cha dawa kimo ndani ya kikombe, na je, kesho kitakuwa kilekile? Tu Youyou wa China, alipokuwa akitafuta dawa ya malaria, alikumbana na swali hilo. Dondoo za mmea wa artemisia zilikuwa zikimpa matokeo ya kuyumba. Akarudi kwenye maandishi ya kale ya tabibu Ge Hong, yanayosema mmea ulowekwe kwenye maji na kukamuliwa, pasipo kutaja kuchemsha. Mwaka 1971 akatumia etha kwa joto dogo, na dawa ikatoka ikiwa nzima. Nobel yake ilikuja mwaka 2015. Nikiulizwa kuhusu chai ya artemisia kwa malaria, na huwa naulizwa, jibu langu limo humo: huwezi kujua kikombe chako kina kiasi gani, na Shirika la Afya Duniani halishauri kuitumia.

Ifuate dawa njiani

Mtu akishakubali kwamba dawa inazunguka mwili mzima, msindikize katika safari: mdomoni, tumboni, kwenye utumbo mwembamba ambako dawa nyingi ndiko zinakoingilia kwenye damu, halafu kwenye ini. Ini watu hulisahau. Mimi huliita geti la ushuru wa mazao. Kila kinachotoka utumboni lazima kipite pale kabla hakijaenda mjini, na ini linakata chake. Dawa nyingine zinakatwa gunia moja katika kumi, nyingine zinanyang'anywa karibu mzigo wote. Kidonge cha nitrogliserini cha maumivu ya moyo huwekwa chini ya ulimi kwa sababu hiyo: mishipa ya mdomoni haipiti getini, na kikimezwa ini linakimaliza karibu chote. Mgonjwa anayejua sababu hii hatakimeza kwa makosa. Aliyeambiwa tu "weka chini ya ulimi" atakimeza siku ulimi ukikereka.

Ini hilohilo ndilo la kutajwa unapoeleza kwa nini parasetamoli, dawa inayouzwa hadi kwenye genge la nyanya, inaweza kuua. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24. Ini likiivunja parasetamoli, sehemu ndogo hugeuka sumu, na ini lina akiba ya kuizima sumu hiyo. Ukimeza kupita kiasi, akiba inakwisha. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kujiona mzima kabisa, na ini likaanza kuharibika baada ya siku moja au mbili. Sema pia kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, hivyo anayemeza Panadol mbili na dawa ya mafua mbili amehesabu mbili na kumeza nne.

Kisha kuna kutoka. Hapa wanafunzi hupenda kuandika "nusu-uhai", yaani muda wa dawa kupungua nusu mwilini, na kuendelea mbele kana kwamba wamesema kitu. Mimi hutumia daladala. Imeondoka Mbagala na abiria 40, haipakii mtu njiani, na kila kituo nusu ya waliomo wanashuka: 40, 20, 10, 5. Baada ya vituo vitano gari ni kama tupu. (Shangazi: "Huyo nusu mtu ameshukaje?" Kila mfano una mahali unapovunjika, na ni heri ukapaonyesha mwenyewe kabla hujaonyeshwa.) Tofauti ya dawa na dawa ni umbali wa kituo hadi kituo.

Ukishaiweka daladala hiyo, dawa ya mseto ya malaria inajieleza. Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 ikaenda kwenye SP (sulfadoksini na pirimethamini), kisha mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingia ALU, ambayo ni artemeta na lumefantrini katika kidonge kimoja. Artemeta inafyeka vimelea vingi kwa kasi kubwa, lakini kituo chake ni takriban saa mbili, jioni imeshashuka. Lumefantrini haina haraka, ila kituo chake ni siku tatu hadi sita, nayo ndiyo inayobaki nyuma kuwasaka waliojificha. Mtu mzima anameza vidonge 4 mara 6, jumla 24: vya kwanza mara moja, vya pili baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Siku ya pili homa imekwisha, mtu anajisikia mzima, anaziweka zilizobaki kabatini kwa ajili ya mtoto. Ukimwambia "maliza dozi" hujamwambia kitu, ameshasikia tangu darasa la tatu. Mwambie aliyekutoa homa ni yule wa mbio, ameshaondoka. Yule wa kufagia bado hajafikisha idadi ya kutosha mwilini, na waliobaki hai wataanza kuzaana upya.

Ongeza na chakula. Lumefantrini huyeyuka kwenye mafuta, na ikimezwa na maji matupu kwenye tumbo tupu sehemu kubwa inapita bila kuingia kwenye damu. Maziwa, uji wa karanga, wali wa nazi, chochote chenye mafuta kidogo ambacho mgonjwa anaweza kukiweka tumboni.

Na hapo hapo jiandae, maana yule uliyemwambia anywe maziwa na ALU wiki iliyopita leo amekuja kuchukua siprofloksasini, naye kwa nia njema atainywa na maziwa. Kalsiamu ya maziwa hushikana na tetrasaiklini na siprofloksasini, zikawa donge lisilopenya ukuta wa utumbo. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito kliniki navyo hupunguzwa nguvu na chai ya rangi. Ukitoa amri, "na maziwa" hii na "bila maziwa" ile, mtu atazichanganya. Ukitoa sababu, moja inahitaji mafuta na nyingine inakamatwa na kalsiamu, hata akisahau ni ipi atakumbuka kwamba kuna la kuuliza.

Maudhi na madhara

Kiswahili cha hospitalini kimetupatia neno zuri ambalo vitabu vingi havina: maudhi. Wauguzi wa uzazi wa mpango wanasema "maudhi madogo madogo", na mtu anaelewa mara moja kwamba ni jambo la kukera linalovumilika. Madhara ni kitu kingine. Nakusihi usiyachanganye. Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa au mwekundu kwa rifampisini hata si maudhi, ni rangi ya dawa inatoka. Lakini mgonjwa wa kifua kikuu ambaye hakuambiwa ataona damu chooni na ataacha dawa siku hiyohiyo. Miguu kuvimba kwa amlodipini ya presha ni maudhi, arudi waangalie. Masikio kuvuma kwa kwinini ya malaria, ambayo wazee wa Muheza wanaikumbuka tangu miti yake ilipokuwa ikilimwa Amani, ni maudhi ya kutolewa taarifa. Uso kuvimba, pumzi kukaba, ngozi kubabuka malengelenge mpaka mdomoni: hayo ni madhara, na anayeyapata aende hospitali sasa hivi, asisubiri kukuche.

Klorokwini wengi wetu tunaikumbuka kwa kujikuna usiku kucha. Watu walisema damu yao haipatani nayo, nasi wasomi tukawasahihisha kwa dharau kidogo. Kuwashwa kulikuwa kweli, kulitokea zaidi kwa watu weusi, na kauli yao ilikuwa karibu na ukweli kuliko dharau yetu.

Hatari zikihitaji namba, epuka asilimia. Ukisoma kwamba dawa fulani "inaongeza hatari maradufu", uliza maradufu ya nini. Tuseme mmoja kati ya 10,000 anakuwa wawili. Uwanja wa Mkapa unachukua watu 60,000. Siku ya Simba na Yanga umejaa, ni watu sita waliokuwa wanapata tatizo, sasa ni kumi na wawili. Msomaji anaweza kuwaona wale kumi na wawili, na anaweza kuamua mwenyewe kama goti lake linastahili.

Mifano ninayoiogopa

Mfano wa ufunguo na kufuli, dawa ikiwa ufunguo na mahali inaposhika mwilini pakiwa kufuli, kila mtu anautumia, nami naukubali kwa sharti moja: eleza na ufunguo usiozungusha. Propranololi, dawa ya moyo na presha, inaingia kwenye kufuli la moyo linalongoja adrenalini, haizungushi, inakaa tu, na ufunguo halisi ukija unakuta tundu limezibwa. Ile atropini ya kwenye utumbo wa sungura ilifanya hivyohivyo.

Vita siipendi. Ukishasema dawa ni askari na ugonjwa ni adui, msikilizaji atataka jeshi kubwa zaidi, bunduki kubwa zaidi, "ile kali". Ndiyo njia ya mafua kutibiwa kwa amoksisilini, antibiotiki ya ukoo wa penisilini. Bora useme penisilini na ndugu zake huharibu ujenzi wa ukuta wa bakteria: matofali yanapangwa bila kushikana, na bakteria, ambaye ndani yake mna shinikizo kubwa, anapasuka. Chembe zetu hazina ukuta huo, ndiyo maana dawa haituvunji sisi. Na virusi vya mafua havina ukuta huo pia, kwa hiyo fundi mbomoaji kaitwa kwenye nyumba ya turubai.

Kosa langu, na jinsi ya kulikagua lako

Katika miaka yangu ya dukani nilimpa mzee mmoja antibiotiki kwenye bahasha ndogo, nikaandika juu yake "2 x 3", kama tunavyoandika sote. Mbili kutwa mara tatu. Alirudi baada ya wiki kidonda kikiwa kibaya zaidi, na bahasha karibu imejaa. Alikuwa amekunywa mbili kwa siku tatu, kama nilivyomwandikia, kwa mujibu wake. Alikuwa karani mstaafu, mtu wa hesabu. Niliangalia ile "2 x 3" na sikuona chochote kilichomzuia kuisoma hivyo.

Tangu hapo naandika kwa maneno na saa: "Vidonge 2 saa 12 asubuhi, 2 saa 8 mchana, 2 saa 4 usiku, siku 7, mpaka viishe." Saa za Kiswahili, na neno asubuhi au usiku lazima liwepo, kwa sababu kuna vijana wanaosoma simu iliyoandikwa saa za Kizungu na kuna wazee wasiozitaka. Kwa asiyesoma nachora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na chini ya kila kimoja naweka nukta kwa idadi ya vidonge.

Kisha namwomba anirudishie. Sisemi "umeelewa?" kwa sababu jibu la "umeelewa?" kwa mtu mwenye adabu ni ndiyo. Nasema, "Mzee, ukifika nyumbani mama atakuuliza hizi zinanywewaje. Utamwambiaje?" Hapo aliyejaribiwa ni mimi, na yeye anajua hivyo, kwa hiyo hapati haya. Akikosea nasema nilieleza vibaya, naanza upya kwa njia nyingine. Dirishani hilo linachukua dakika moja na nusu, na foleni itanung'unika.

Makala nayo ina dirisha lake. Kabla sijaitoa nampigia shangazi simu nikamsomea. Sasa ana miaka zaidi ya sabini, masikio yanahitaji nipaze sauti, na huwa ananikatiza. Wiki iliyopita nilimsomea kipande kuhusu dawa za presha: kwamba amlodipini kituo chake kinafika saa 30 hadi 50, ndiyo maana inamezwa mara moja kwa siku, kwamba huchukua wiki hivi kujaa mwilini, kwa hiyo mtu asiikatie tamaa siku ya pili, na kwamba presha haiumi, hivyo kutosikia kitu si dalili ya kupona. Nilipomaliza kukawa kimya upande wa pili. Nikadhani simu imekatika.

"Hapo pa kutosikia kitu," akasema, "umepaweka mwisho. Mimi hapo ndipo nilipoachia dawa mwaka ule. Pandisha juu."

Nikapapandisha juu.